Vipakatalishi shuleni: Nani atamlipa fundi?

Katika shule nyingi za msingi za umma nchini kuna chumba kimoja chenye mlango wa chuma na dirisha lililotiwa nondo. Humo ndimo zinamowekwa tabuleti na vipakatalishi ambavyo serikali ilivisambaza kuanzia mwaka wa 2016. Zipo shule ambazo chumba hicho hufunguliwa kila asubuhi, vifaa vikatolewa, vikatumika na kurudishwa. Zipo nyingine ambazo kufuli limeshika kutu, betri zimekufa, na mwalimu mkuu mwenyewe hawezi kukuambia ni vifaa vingapi bado vinawaka.

Mkulima au mwenye duka anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya walimu na wizara. La hasha. Vifaa hivyo vilinunuliwa kwa kodi yake. Isitoshe, huenda shule ya mtoto wake ikamwendea tena hivi karibuni, ikiwa haijamwendea tayari. Tangu Januari 2023 wanafunzi wa sekondari msingi wamekuwa wakisomea katika shule za msingi, na haja ya kompyuta imepanda. Bodi za shule zinazungumzia maabara, wazazi wanaitwa mikutanoni, na neno harambee linarudi mezani. Kabla mzazi hajauza gunia la mahindi ili achangie, ana haki ya kuuliza maswali yale yale ambayo angeuliza kama anaingia ubia na majirani kununua trekta. Itafanya kazi siku ngapi kwa mwaka? Nani ataiendesha? Ikivunjika, nani atamlipa fundi?

Historia yenyewe wengi wetu tunaikumbuka. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013, muungano wa Jubilee wa Uhuru Kenyatta na William Ruto uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule ya umma. Mabilioni ya pesa yalitengwa katika bajeti ya kwanza ya serikali hiyo. Zabuni ya kwanza, iliyoiendea kampuni moja ya India, ilifutwa mwaka wa 2014 na bodi inayosikiliza malalamiko ya ununuzi wa umma. Mpango uliporejea, ulikuwa na sura nyingine. Mtoto alipangiwa tabuleti badala ya kipakatalishi, na kazi ya kuunda na kusambaza vifaa ikapewa makundi mawili: Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) pamoja na kampuni ya Positivo BGH ya Amerika Kusini.

Majaribio yalifanywa mwaka wa 2016 katika shule 150, kisha magari yakaanza kusambaza vifaa nchi nzima. Kufikia mwaka wa 2019, vifaa zaidi ya milioni moja vilikuwa vimefika katika shule zaidi ya 20,000. Mbali na tabuleti za watoto, shule ilipata vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na kisanduku cha kuhifadhi masomo na kuyarusha ndani ya darasa bila kuhitaji intaneti. Mwaka huo huo serikali ilitangaza kwamba awamu ya pili ingekuwa ya maabara za kompyuta zitakazotumiwa na shule nzima, wala si kifaa cha kila mtoto.

Tuseme ukweli: mpango huo ulileta faida moja ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni umeme. Kwa sababu ya ahadi ya vipakatalishi, nyaya zilifikishwa katika maelfu ya shule za msingi ambazo hazikuwa na hata balbu moja, na zile za mbali zaidi ziliwekewa sola. Transfoma iliyoletwa kwa ajili ya shule mara nyingi ndiyo iliyowasha taa za soko la karibu. Wenye mashine za kusaga na vinyozi wa vituo vingi vya biashara ni mashahidi.

Lakini kifaa ni kifaa, na nyaya ni nyaya. Swali la wanauchumi huanza pale ambapo sherehe ya kukabidhi inaishia.

Funzo la majosho

Mfugaji aliye na umri wa kutosha anakumbuka majosho ya ng'ombe. Serikali iliyajenga, ikatia dawa na kumlipa mhudumu. Mzigo huo ulipohamishiwa jamii, kuanzia mwishoni mwa miaka ya themanini, mengi yalikauka, mbuzi wakaanza kulala ndani yake. Saruji haikuwa na kasoro wala kupe hawakuwa wameisha. Kilichokosekana ni fedha za dawa, za kubadilisha maji na za kumlipa mtu wa kusimamia. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayezitoa.

Chuma cha umma hufa hivyo. Pampu ya maji ya kijiji na mtambo wa ushirika wa kupozea maziwa vinaijua njia hiyo, na vipakatalishi vya shule vimeanza kuifuata. Anayenunua hupigwa picha akikata utepe, ilhali anayelipia matengenezo hapigwi picha yoyote, na hiyo ndiyo sababu gharama ya pili husahaulika.

Hebu tuipige hesabu hiyo inayosahaulika. Tuchukue shule ya wanafunzi 400 yenye tabuleti 50. Bei nitakazotumia ni za mfano, na msomaji anaweza kuweka za kwao.

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio unaolalamikiwa kwanza. Betri ya tabuleti ni ndogo. Ukihesabu na umeme unaopotea kwenye chaja, kujaza tabuleti moja hakuzidi sana wati 25 kwa saa moja, yaani sehemu moja ya arubaini ya yuniti. Tabuleti zote 50 zikijazwa mara moja kwa siku zinakula yuniti moja na robo. Mwaka wa masomo ukiwa na siku 190, hizo ni kama yuniti 238. Kwa bei ya Sh28 kwa yuniti, shule italipa karibu Sh6,650 kwa mwaka mzima. Hizo si pesa za kuua shule. Ikiwa stima imekatwa, tabuleti si chanzo. Yaelekea deni lilianzia kwenye taa zinazowaka usiku kucha, pampu au nyumba za walimu zilizounganishwa kwenye mita moja.

Gharama kubwa iko mahali pengine, mahali ambapo haitumwi bili. Tukisema tabuleti moja ni Sh10,000, zote 50 ni Sh500,000. Zikidumu miaka mitano, kila mwaka zinapoteza thamani ya Sh100,000. Mwenye matatu anajua jambo hili hata kama hajawahi kulisoma darasani: asipoweka kando pesa kila siku, gari likichakaa atarudi kuwa utingo. Ongeza matengenezo ya asilimia 10 ya bei kila mwaka, kwa ajili ya betri, chaja, skrini zilizopasuka na soketi zilizolegea. Hizo ni Sh50,000. Jumla, pamoja na umeme, ni Sh156,650 kwa mwaka.

Sasa linganisha na mapato ya shule. Kiwango cha fedha za elimu ya msingi bila malipo kilichotumika kwa miaka mingi ni Sh1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa wanafunzi 400 hizo ni Sh568,000, zikifika zote na zikifika kwa wakati, jambo ambalo mwalimu mkuu yeyote atakuambia si la kutegemea. Kutoka humo zinatoka chaki, vitabu, karatasi za mitihani, ukarabati na mshahara wa mlinzi. Kutunza tabuleti 50 kama inavyopaswa kungemeza zaidi ya robo ya fedha zote. Si ajabu basi kwamba shule nyingi hazitengi chochote. Zinatumia kifaa hadi kife, kisha zinafunga mlango.

Trekta linalolala zizini

Mtu akiona hesabu hiyo anaweza kusema teknolojia haifai shule za umma, tuirudishe. Hiyo ni haraka mno. Hesabu ile ile, ukiigeuza upande wa pili, inaonyesha kosa liko wapi.

Mwenye trekta hajiulizi tu limegharimu pesa ngapi. Anajiuliza limelima ekari ngapi. Trekta linalolima ekari 30 kwa mwaka ni hasara, na hilo hilo likilima ekari 300 linalisha watoto. Uchakavu na bei ya kununulia havipungui kwa sababu chombo kimelala. Kadiri kinavyofanya kazi ndivyo gharama inavyogawanyika.

Tabuleti za awamu ya kwanza zilipangiwa watoto wa darasa la kwanza. Tuseme zinatumika vipindi vitatu kwa wiki, kwa wiki 39. Hivyo ni vipindi 117 kwa mwaka. Gawanya Sh156,650 kwa 117, na kila kipindi kinagharimu karibu Sh1,340. Sasa tuseme tabuleti hizo hizo zinazunguka: asubuhi ziko gredi ya pili, baada ya mapumziko ziko gredi ya tano, alasiri ziko sekondari msingi, vipindi sita kila siku. Hivyo ni vipindi 1,140. Kila kimoja kinagharimu karibu Sh137. Gharama ya umeme na matengenezo itapanda kidogo, lakini hata ukiongeza, tofauti inabaki ya mbali sana.

Ndiyo maana naona uamuzi wa kuhama kutoka kifaa cha kila mtoto hadi vifaa vya shule nzima ulikuwa sahihi, ingawa ulichelewa. Na shule haihitaji kungoja jengo jipya la maabara ili iutekeleze. Kabati lenye magurudumu, ratiba iliyobandikwa ukutani na mwalimu mmoja aliyepewa ufunguo vinatosha kuanza. Jengo ni saruji, na saruji ndiyo hula pesa za harambee kwanza. Wazazi wanaoombwa kuchangia jengo wakati vifaa 50 vimefungiwa stoo wanapaswa kuomba kwanza waonyeshwe daftari la matumizi ya vifaa hivyo.

Kikwazo kikubwa cha kuvizungusha ni hofu, na hofu hiyo ina msingi. Vifaa vilipoanza kufika, wezi walifuata. Walimu wakuu waliona kwamba kifaa kikipotea mikononi mwao wao ndio watakaoandika barua na labda kulipa. Mtu akiwekewa mzigo ambao hana bima yake, atafanya lililo salama kwake: atafunga. Mkulima anayekabidhiwa ng'ombe wa mkopo kwa masharti kwamba akifa atamlipa, naye humfungia zizini hata kama malisho yako ng'ambo ya mto. Bodi ya shule inayotaka vifaa vitumike haina budi kumwandikia mwalimu waziwazi kwamba kifaa kilichoharibika kikitumika darasani si deni lake, mradi kimeandikwa kilipotoka na kiliporudi.

Mkononi mwa nani?

Kuna swali ambalo wanasiasa hawakuliuliza mwaka wa 2013: ikiwa pesa ni kidogo, kifaa kiwekwe mkononi mwa nani, mtoto, mwalimu, au yule anayemsaidia mwalimu?

Utafiti uliofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka wa 2016 uliliuliza swali hilo moja kwa moja. Shule ziligawanywa katika makundi. Katika kundi moja tabuleti walipewa wakufunzi wa TAC, wale wanaozunguka kutoka shule hadi shule kuwatazama walimu wakifundisha. Katika la pili walipewa walimu wenyewe. Katika la tatu wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu. Watoto wa makundi hayo yote walisoma vizuri kuliko wale wa shule zisizokuwa katika mpango. Lakini baina ya makundi yenyewe hapakuwa na tofauti ya maana katika usomaji. Kilichotofautiana ni gharama. Kumpa kila mtoto kifaa ndiko kulikokuwa ghali zaidi, na kumpa mkufunzi mmoja anayehudumia shule nyingi kulikuwa rahisi kuliko yote, kwa matokeo yale yale.

Mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka wa 2015, ulichukua njia hiyo. Watoto walipewa vitabu vya karatasi vya Kiswahili na Kiingereza, kila mmoja chake. Walimu walipewa mwongozo wa kila somo. Tabuleti waliachiwa maafisa wanaozungukia shule, zaidi ya 1,000 kote nchini, ili wanaposikiliza mtoto akisoma wahesabu maneno na kumwonyesha mwalimu pale anapoteleza. Hii haikuwa habari ya kupigiwa ngoma, na wazazi wengi hawajui kwamba ilifanyika.

Wanaotaka ushahidi wa mbali wautazame mji wa Vadodara nchini India. Mwaka wa 2000 jimbo la Gujarat lilizipa shule za msingi kompyuta, na nyingi zikakaa bure. Shirika la Pratham lilizifufua kwa kuandaa michezo ya hesabu, watoto wawili kwa kompyuta moja, saa mbili kwa wiki. Matokeo ya hesabu yalipanda sana. Lakini watafiti hao hao walijaribu pia njia nyingine: kumwajiri msichana wa mtaani aliyemaliza sekondari awafundishe watoto waliobaki nyuma, kikundi kidogo kando. Kompyuta ziligharimu karibu dola 15 kwa mtoto kwa mwaka, msichana yule aligharimu dola 2 na senti 25. Matokeo ya kompyuta yalikuwa makubwa zaidi katika hesabu, lakini kwa kila dola iliyotumika, msichana ndiye aliyeshinda.

Sisemi kompyuta zitupwe wasichana waajiriwe, kwa sababu mtoto anayeingia kazini miaka kumi ijayo atahitaji kuijua kompyuta kwa vyovyote. Nasema bodi ikiwa na shilingi laki moja, iulize laki hiyo ingenunua nini kingine.

Peru haikuuliza. Baada ya Nicholas Negroponte wa Marekani kutangaza mwaka wa 2005 kwamba kutakuwa na kipakatalishi cha dola 100 kwa kila mtoto maskini duniani, nchi hiyo ilinunua vifaa zaidi ya 800,000, ambavyo kufikia wakati huo bei yake ilikuwa imekaribia dola 190. Mwaka wa 2012 benki ya maendeleo ya bara lile ilichapisha utafiti wa shule 319 za mashambani. Kompyuta zilikuwa zimefika kweli, zaidi ya moja kwa kila mtoto. Matokeo ya hesabu na lugha hayakuonyesha mabadiliko.

Uruguay, iliyoanza mpango wake mwaka wa 2007, nayo ilijikwaa. Kufikia mwaka wa 2010 zaidi ya robo ya vifaa ilikuwa haitumiki, kwa kuwa vimevunjika, vinangoja fundi au vimefungwa. Tofauti ni kwamba nchi hiyo ilikuwa na shirika lake lililopewa kazi hiyo na fedha zake, na likaanza kupeleka mafundi hadi shuleni badala ya kungoja mtoto apande basi na kompyuta yake hadi mjini. Mpango wao ungali hai. Uruguay ni nchi tajiri kuliko yetu na ina watoto wachache, kwa hiyo hatuwezi kuiga kila kitu. La kuiga ni kwamba fundi awe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

H614 haipandwi Kibwezi

Jambo la mwalimu na masomo yenyewe nitalipitia kwa ufupi, kwa sababu walimu wameshalisema mara nyingi. Masomo yaliyopakiwa katika vifaa vya kwanza yaliandaliwa kwa silabasi ya 8-4-4. Mwaka wa 2019 mtaala wa umilisi, yaani CBC, uliingia katika madarasa ya chini. Kifaa kikawa kipya, masomo yake ya zamani. Mkulima anaelewa: mahindi ya H614 ni mbegu nzuri ya nyanda za juu, lakini ukiyapanda Kibwezi utavuna mabua. Shule inapoahidiwa vifaa, na wafadhili wapo wengi wa aina hii, iulize kwanza kama masomo yamo, kama ni ya mtaala wa sasa, na kama yanaweza kusasishwa bila kupeleka kifaa Nairobi.

Hata bila tabuleti moja, mwalimu mwenye kipakatalishi kimoja na projekta moja anaweza kufanya mengi. Kilimo ni somo katika gredi za juu za msingi. Viwavijeshi vya kigeni viliingia Kenya mwaka wa 2017, na bado kuna wazazi wasioweza kuwatofautisha na bungua wa kawaida wa mahindi. Picha iliyokuzwa ukutani, ikionyesha alama ya Y iliyopinduliwa kwenye kichwa cha kiwavi na madoa manne ya mraba karibu na mkia, inafundisha watoto 60 kwa dakika tano. Wakifika nyumbani watamfundisha baba. Projekta moja kwa madarasa yote si ya kujivunia mbele ya kamera, lakini kwa shule isiyo na pesa ndiyo ningeanza nayo.

Kazi iliyo mlangoni pa fundi

Katika kila kituo cha biashara kuna kijana anayekaa nyuma ya kioo, akiwa na taa ndogo na bisibisi nyembamba, akitengeneza simu. Betri ya tabuleti si tofauti sana na ya simu. Soketi ya chaja ni ile ile. Hata hivyo, kijana huyo huingia shuleni mara chache sana kama fundi, kwa sababu vifaa vilikuja na dhamana ya muuzaji na walimu waliambiwa wasiviguse. Kwa vifaa ambavyo dhamana yake imekwisha, hakuna sababu ya kuendelea kungoja gari kutoka mjini.

Shule inaweza kuandikiana naye mkataba mdogo wa mwaka. Aje mara moja kwa muhula, akague vifaa vyote, abadilishe kinachobadilishika, na alipwe kiasi kinachojulikana mapema. Malipo ya muhula yanafaa kuliko malipo ya kila kifaa, kwani anayelipwa kwa kila kifaa kilichoharibika hana haraka ya kuwafundisha walimu jinsi ya kuzuia uharibifu. Vituo vitatu au vinne vya shule za karibu vikiungana, kazi inakuwa kubwa kiasi cha kumfanya fundi anunue betri kwa jumla na kuwapunguzia bei.

Kwa upande wake, fundi ajue kwamba shule ya umma hununua kwa sheria. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015 inaenda pamoja na utaratibu wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Aliyesajili biashara yake, mwenye PIN ya KRA na anayetoa risiti halali ana nafasi. Asiye na karatasi atasifiwa kwa ufundi wake na kazi ikaenda kwa mwingine. Tahadhari moja tu: serikali hulipa polepole, na shule hulipa fedha zikiingia. Usichukue mkopo wa simu wenye riba ya mwezi kununua vipuri ukitegemea malipo ya shule.

Kuhusu michango ya wazazi, sheria ya elimu ya msingi ya mwaka wa 2013 inakataza karo katika shule ya umma. Malipo mengine yanaruhusiwa kwa idhini tu, na hata yakiidhinishwa mtoto hawezi kufukuzwa kwa kukosa kuyalipa. Mzazi akiambiwa alete pesa za kompyuta la sivyo mtoto arudi nyumbani, anayo haki ya kuomba aonyeshwe idhini hiyo. Lakini pia wazazi wanaoweza wasijifiche nyuma ya sheria. Kwa shule yetu ya mfano, matengenezo ya Sh50,000 yakigawanywa kwa familia 250 ni Sh200 kwa mwaka kwa kila familia, bei ya kuku asiye na afya. Mzazi akijua pesa hizo ni za betri na fundi, na akasomewa hesabu kila muhula, atazitoa kwa moyo kuliko Sh2,000 za jengo lisilo na mwisho.

Jambo la mwisho haliwezi kungoja mkutano. Vifaa vya mwaka wa 2016 na 2017 sasa ni vizee, na betri za lithiamu zilizokaa miaka bila kuchajiwa huvimba. Bodi ifungue kile chumba, itoe vifaa vyote na kuvihesabu. Kinachowaka kiwekwe kando, kinachotengenezeka kando, na kilichokufa kando. Kifaa ambacho mgongo wake umetuna kisichomekwe kwenye chaja tena, kisitobolewe, na kisiachwe karibu na vitabu au godoro, kwani kinaweza kushika moto. Kwa vile ni mali ya umma, mwalimu mkuu hana ruhusa ya kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu. Kuna kamati ya kuondoa mali chakavu kwa utaratibu wa sheria ile ile ya mwaka wa 2015. Barua ya kuiomba ikutane inaweza kuandikwa na bodi wiki hii, ikiambatanishwa na orodha ya vifaa na namba zake.